Mlo wa Mchana na Mzazi: Mgahawa wa Mtaani Unavyotufundisha Kuwahudumia Wazee

Ifuatayo ni mada iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, katika semina kuhusu huduma kwa wazee. Tunaichapisha kwa ombi la washiriki.



Nimeombwa nizungumzie lishe ya wazee. Wengi mtategemea nianze na unga, maharage, mafuta na idadi ya magunia. Hayo ni ya lazima na nitayafikia. Lakini leo naomba tuanze na swali ambalo kwenye fomu zetu za tathmini halimo. Fomu huuliza mzee anakula nini, na anakula mara ngapi kwa siku. Haiulizi mzee anakula na nani, wala haiulizi ni nani aliyechagua chakula hicho.

Nimejifunza uzito wa maswali hayo mezani, kwa kula chakula cha mchana na baba yangu katika mgahawa wa zamani Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Nitaeleza kwanza mgahawa huo ni mahali gani, kisha niliyoyaona pale, na mwisho nitatoa mapendekezo ambayo kamati ya parokia inaweza kuyatekeleza bila kusubiri mradi mkubwa.

MGAHAWA WA MTAANI NI NINI

Wenzetu mliozaliwa Dar es Salaam mnajua kwamba jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wapagazi hao waliwekwa kambini mahali hapo. Baada ya vita eneo likajengwa nyumba za Waafrika, nyingi zikiwa zile tunazoziita nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na uani nyuma. Mwenye nyumba aliishi chumba kimoja au viwili, vilivyobaki alipangisha.

Wapangaji wengi walikuwa wanaume waliotoka bara kutafuta kazi bandarini, relini na viwandani. Kijana wa namna hiyo alikuwa na kitanda, sanduku na msumari wa kutundikia shati. Jiko hakuwa nalo, na mke alikuwa bado yuko kijijini. Ndiyo maana migahawa ikaota mitaani, na baadaye wakaongezeka akina mama wa kupika kando ya barabara. Tuliwaita mama ntilie, kwa kuwa mteja alisimama na sahani akisema "mama, nitilie". Siku hizi tunawaita mama lishe, jina lenye heshima zaidi, lakini kazi ni ileile.

Baba yangu ni mmoja wa vijana hao. Alifika kwa treni kutoka Tabora mwaka 1963, akapata kazi katika karakana ya reli. Mgahawa ninaousimulia alianza kula tangu mwaka ule. Ni chumba kimoja chenye meza sita, mabenchi, jagi la maji na beseni la kunawia mlangoni. Pale alikula kabla hajaoa, na pale aliendelea kunywa chai ya asubuhi hata baada ya mama kuja mjini.

Mgahawa wa aina hii haukuwa mahali pa kula tu. Asiyejua kusoma alisomewa barua yake pale. Aliyetafuta chumba aliuliza pale. Msiba ulipotokea, mchango ulianzia pale. Na mwenye mgahawa alikuwa na daftari. Mshahara ukichelewa, mteja alikula akaandikwa, mwisho wa mwezi akalipa.

Wazee waliopitia miaka migumu wanalikumbuka daftari hilo vizuri. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 chakula kilikuwa adimu. Tulikula ugali wa mahindi ya njano, watu wakauita unga wa yanga. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na wote tunajua miezi hiyo ilivyorefuka. Sukari, unga na sabuni vilipatikana kwa foleni na kwa mgao. Baba anasema wakati huo mgahawa ulipika kulingana na kilichopatikana, siku nyingine ni muhogo na chai ya rangi peke yake, lakini hakuna mteja wa siku zote aliyerudishwa mlangoni.

WAZEE WALIPOHAMIA PEMBEZONI

Kuanzia miaka ya 1990 Kariakoo ilianza kubadilika kwa kasi. Nyumba za Kiswahili zilivunjwa moja baada ya nyingine, yakapanda maghorofa ya maduka na ofisi. Familia nyingi ziliuza au ziliingia ubia na wajenzi, na wapangaji wa zamani wakatawanyika Mbagala, Tandika, Gongo la Mboto, Chanika na kwingineko.

Mama alipofariki, kaka yangu alimchukua baba akaenda naye Chanika. Nyumba ni nzuri, ina hewa na ina mti wa mwembe. Baba ana chumba chake. Mkamwana wake ni mtu mwema sana, na hilo naomba mlishike kwa sababu nitalirudia. Kwa kipimo chochote cha fomu zetu, mzee huyo ana makazi, ana chakula mara tatu, ana watu wa kumtunza. Tungempa alama zote.

Hata hivyo baba alikuwa akipungua uzito. Aidha, kila Jumamosi alitaka kupanda daladala kwenda Kariakoo, safari ya saa moja na nusu na zaidi kama barabara imefunga, ili akale chakula cha mchana katika mgahawa uleule. Ndugu tulijadiliana. Wapo waliosema azuiwe, ana zaidi ya miaka 80, ataanguka akishuka kituoni. Mimi nilipewa kazi ya kumsindikiza kwa muda, ili tuone anafuata nini kule.

YALIYOONEKANA MEZANI

Naomba nitaje mambo matatu tu.

La kwanza ni meno. Siku ya kwanza tuliketi, na kabla sijaagiza, mhudumu alimwamkia baba, "Shikamoo babu," baba akaitika, na chakula kikaletwa bila kuulizwa: ugali laini, samaki aliyetolewa miiba, mchicha uliopikwa mpaka ukalainika, na mchuzi mwingi. Nilimuuliza yule kijana mbona hamuulizi mzee anataka nini. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Dada, babu meno yamebaki upande mmoja. Nyama ilimshinda tangu mwaka juzi. Tulishaelewana."

Baba alisikia. Akaendelea kula kidogo, kisha akaniambia, "Mama, nyumbani usiseme. Mkamwana atadhani nalalamikia mapishi yake."

Ananiita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Jambo lenyewe ndilo hilo. Mzee alikuwa anapewa nyama nyumbani, tena ya kuchoma, kwa heshima. Hakuweza kuitafuna, na kwa adabu ya mkwe na mkamwana hakuweza kusema. Alikuwa anasema ameshiba. Upendo ulikuwepo mezani kwa kaka, chakula kilikuwepo, na mzee alikuwa analala na njaa.

La pili ni macho. Wakati wa kulipa, baba alitoa noti zote akazitandaza mezani, akamwambia mhudumu, "Chukua yako." Kijana alichukua iliyo sahihi, akamrudishia chenji akimtajia noti moja baada ya nyingine. Baba hakuwa anaziona noti. Alikuwa anamtegemea mtu mwaminifu. Tulipompeleka kwa daktari wa macho, ilibainika ana mtoto wa jicho, ugonjwa ambao tiba yake ni upasuaji unaojulikana na unaofanyika hapa nchini. Ameshafanyiwa jicho moja.

La tatu lilinigusa zaidi. Baba alilipia sahani mbili na yeye alikula moja. Sahani ya pili ilikuwa ya mzee mwenzake wa karakana, aliyekaa meza ya pembeni, ambaye hana mtoto mjini. Kwa miezi mingi sisi watoto tulikuwa tunajiuliza fedha tunazomtumia baba zinakwenda wapi, kwani mahitaji yake yote yanatimizwa nyumbani. Zilikuwa zinalisha watu wawili.

Ndugu wajumbe, naomba tulitafakari hilo. Nyumbani kwa mwanawe, baba ni mtu wa kutunzwa. Katika orodha zetu angeitwa mlengwa. Lakini pale mgahawani ni mteja, ni mwenyeji, ni mtu anayemkaribisha mwenzake chakula. Anachagua, analipa, anatoa. Safari ya daladala hakuifanya kwa ajili ya samaki. Aliifuata nafasi ya kuwa mtu mzima miongoni mwa watu wanaomjua tangu alipokuwa na nguvu.

KULA PEKE YAKO NA KULA NA WENGINE

Tusidhani haya ni mambo ya hisia tu. Yana uhusiano wa moja kwa moja na afya. Utafiti wa miaka mingi katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba watu wanapokula pamoja na watu wanaowazoea hula zaidi kuliko wanapokula peke yao. Kwa kijana hilo linaweza kuwa tatizo. Kwa mzee anayekonda ni dawa.

Mwili wa mzee una mabadiliko yake. Uwezo wa kuonja na kunusa hupungua, hivyo chakula huonekana hakina ladha. Hisia ya kiu hupungua pia, mzee anaweza kukaukiwa na maji bila kuhisi kiu. Meno yakiondoka, vitu vya kwanza kuachwa ni nyama, karanga na matunda magumu, na hapo mwili hukosa protini, misuli hupungua, na mzee huanguka kwa urahisi. Baadhi ya dawa za kisukari na za shinikizo la damu hupunguza hamu ya kula au hubadili ladha mdomoni. Mzee asiyejua hayo hudhani ni uzee tu.

Kipimo rahisi ni hiki. Mtu akipungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, anahitaji kuonwa na daktari. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni kilo 3 tu. Kilo 3 hazionekani chini ya kanzu au khanga. Huonekana kwenye mizani, au kwa mtu anayeketi naye mara kwa mara na kuona mkono unavyoshika kijiko.

Kuna pia suala la usalama. Mwenye mgahawa alinisimulia kwamba mzee mmoja, mteja wa kila siku, hakuonekana siku mbili mfululizo. Alimtuma kijana chumbani kwake. Alimkuta yuko kitandani na homa kali, hawezi kuinuka, wakampeleka hospitali. Hakuna aliyewapa kazi hiyo wala kuwalipa. Waliona nafasi tupu kwenye benchi wakauliza. Sisi katika kamati tunatembelea wazee mara moja kwa mwezi, na pengine mara moja kwa robo mwaka. Mgahawa huwahesabu kila siku.

FEDHA KWA SIMU NA KITI KITUPU

Tangu mwaka 2008, huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza nchini Tanzania, maisha ya wazee wengi yamekuwa nafuu. Zamani ulisubiri mtu anayesafiri ndipo umtumie mzazi fedha, na si kila mara zilifika. Leo mtoto aliyeko Mwanza au Muscat hutuma kwa dakika moja. Ni baraka, na sitaki mtu atoke hapa akisema nimepinga kutuma fedha.

Ninachosema ni kwamba fedha haina macho. Haikuona meno ya baba wala haikujua kwamba hazioni noti. Zamani aliyeleta fedha aliketi, akanywa maji, akaangalia hali, akarudi na habari. Sasa fedha inafika bila mleta habari. Kwa mantiki hiyo, kadiri njia za kutuma fedha zinavyokuwa rahisi, ndivyo inavyotupasa kupanga kwa makusudi nani ataketi na mzee.

Hali kadhalika na misaada yetu. Kila tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Parokia nyingi siku hiyo huwaita wazee, huwapa soda, pilau na hotuba. Ni jambo jema. Lakini siku hiyo mzee huketi kwenye mstari, hupewa asichochagua, hupigwa picha, hurudi nyumbani. Siku 364 zilizobaki hatujui anakula na nani.

WENGINE WAMEFANYAJE

Nchi yetu ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na sera hiyo inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Zanzibar ilianzisha pensheni jamii mwaka 2016 kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kiasi hicho wapo waliokibeza. Lakini mzee mwenye fedha yake, hata ndogo, anaweza kusema "leo nakununulia chai", na neno hilo lina thamani.

Marekani nako kuna fundisho. Mwaka 1972 serikali yao ilianzisha mpango wa kitaifa wa kugharimia milo ya pamoja kwa watu wa miaka 60 na zaidi. Mwanzoni milo hiyo ilitolewa zaidi katika kumbi za jamii na za makanisa. Baadaye, katika baadhi ya maeneo, waligundua kwamba wapo wazee wasiopenda kuingia ukumbini, kwa kuwa waliona wanahesabiwa kuwa maskini. Wakaingia mkataba na migahawa midogo ya mitaani, ile ambayo wazee walikuwa wakila tangu ujana wao. Mzee hupewa hati, huenda saa anayotaka, huketi na anayetaka, huchagua kati ya vyakula vilivyopangwa. Jirani wa meza ya pili hajui nani amelipa kwa hati na nani kwa fedha taslimu.

Sisi hatuna bajeti ya Marekani. Lakini wazo lenyewe halihitaji bajeti ya Marekani. Linahitaji mama lishe mmoja mwaminifu, daftari, na kamati inayolipa kwa wakati.

HOJA ZINAZOPINGA

Nimeshawahi kulizungumza hili sehemu mbalimbali na nimesikia hoja tatu.

Ya kwanza, kwamba mzee kula nje ni aibu kwa familia. Hoja hii ina uzito wake. Kwa sababu hiyo, jambo hili lisifanywe kwa siri ya familia. Mtoto aambiwe kwamba mzazi anakwenda kukutana na wenzake, chakula ni sababu ya kukutana. Kaka yangu alilipokea vizuri alipoelezwa. Meno tulimweleza yeye peke yake, naye akapanga kwamba siku kadhaa kwa wiki nyumba nzima ile mchuzi laini, maharage na samaki, bila kumtaja baba. Mkamwana hakuaibika, na mzee alikula. Baadaye alikubali kutengenezewa meno ya bandia.

Ya pili, kwamba migahawa ni ya wanaume. Ni kweli. Mama yangu aliishi Kariakoo miaka mingi na sikumbuki kumwona akiketi mgahawani. Meza yake ilikuwa uani, na majirani zake, wakichambua mchele. Kwa hiyo kwa akina bibi tutafute meza yao. Inaweza kuwa uani kwa mmoja wao, inaweza kuwa baada ya kikundi cha kusuka mikeka, inaweza kuwa kibanda cha mama lishe ambaye ni binti yao. Kanuni ni ileile: mahali wanapopazoea, na chakula wanachokichagua.

Ya tatu, kwamba chakula cha mgahawani kina chumvi na mafuta mengi. Hii nayo ni kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Jawabu ni kuzungumza na mpishi. Yule kijana wa Kariakoo alikuwa ameshajua nani ana shinikizo la damu na nani ana kisukari, na mchuzi wao uliteguliwa kabla ya kuongezwa chumvi. Mpishi anayemjua mlaji hufundishika.

MAPENDEKEZO KWA KAMATI ZA PAROKIA

Baada ya maelezo hayo napendekeza yafuatayo:

1. Katika fomu za kutembelea wazee tuongeze maswali mawili: "Unakula na nani?" na "Chakula kipi ungependa lakini huwezi kukila?" Swali la pili litafichua meno, macho, magonjwa na aibu kwa haraka kuliko orodha ya magonjwa.

2. Anayemtembelea mzee akae mpaka mlo uishe. Ziara ya dakika kumi ya kukabidhi unga ibadilishwe kuwa ziara ya chakula, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Ale alichonacho mzee au wale pamoja walichobeba. Mengi yatajulikana bila kuulizwa.

3. Kila jumuiya iorodheshe migahawa na akina mama lishe ambako wazee wameshazoea kukaa. Tusianzishe jiko jipya mahali ambapo jiko lipo. Kamati ikubaliane na mwenye mgahawa bei ya sahani, idadi ya milo kwa wiki, na tarehe ya kulipa. Ilipe kwa tarehe hiyo bila kukosa, kwa sababu mtaji wa mama lishe ni wa siku moja. Ukimchelewesha wiki mbili umemfunga.

4. Mwenye mgahawa apewe namba ya simu ya mjumbe mmoja. Mzee akikosekana siku mbili, apige. Hili halina gharama na linaweza kuokoa maisha.

5. Mzee apewe nafasi ya kukaribisha. Kama bajeti inaruhusu milo minne kwa mwezi, mmoja uwe wa mgeni wake anayemtaka. Wahasibu wetu wataona ni ajabu. Naomba wavumilie.

6. Tusipige picha za wazee wakila kwa ajili ya taarifa za wafadhili, isipokuwa mzee mwenyewe ameelewa na amekubali. Ndugu wafadhili, nawaomba mtusaidie katika hili. Mtuulize idadi ya milo, uzito wa wazee kwenye mizani, stakabadhi za mpishi. Hizo ni taarifa za kweli kuliko picha ya mtu aliyefunua mdomo.

7. Vijana wa parokia wapangiwe kuwasindikiza wazee wanaotaka kurudi mitaa yao ya zamani. Mzee akizuiwa kusafiri kwa kuogopa asianguke, tunaweza kuulinda mguu tukaua hamu ya kuishi. Asindikizwe.

JAMBO LA HARAKA

Nimalizie kwa jambo ambalo haliwezi kusubiri. Mwenye mgahawa wa Kariakoo amenieleza kwamba kiwanja kimepata mjenzi, na yeye ni mpangaji tu. Jengo jipya litakapoinuka, kodi ya chumba cha chini haitalipika kwa kuuza ugali na mchicha. Mambo ya aina hii yanatokea katika miji mingi. Mji una haki ya kukua, na siwezi kuiombea Kariakoo ibaki kama ya mwaka 1963. Lakini siku mgahawa huo utakapofungwa, wazee saba ninaowajua mimi watapoteza kwa pamoja mpishi anayewafahamu, mtu wa kuwasomea noti, na benchi ambalo mtu asipolikalia huulizwa.

Hakuna kamati ya mipango miji itakayoandika hasara hiyo. Ni sisi tunaoweza kuiandika, na kuwauliza wazee hao mapema: meza yenu ihamie wapi? Huenda ni kwa mama lishe wa jirani. Huenda ni ukumbi wetu wa parokia siku mbili kwa wiki, ilimradi wao wenyewe waseme nani apike na kipikwe nini, na walipe hata shilingi mia, ili wabaki wateja.

Naomba basi kila kamati iliyopo hapa iweke ajenda moja katika kikao chake kijacho. Ajenda hiyo iwe ni orodha ya wazee wa eneo lenu, na mbele ya kila jina liandikwe jina la mtu aliyekula naye chakula cha mchana wiki iliyopita. Palipo na jina, shukuruni. Palipo wazi, mjumbe mmoja ajitolee kabla kikao hakijafungwa, aseme siku na saa.